Safu ya wasomaji: Gari la kambi la zamani, utegemee nini?

Toleo lililopita nilitaja kwa mistari miwili tu kombi yangu ya mwaka 1978, yenye kitanda cha kukunja, jiko la gesi la pleti mbili na paa linaloinuka. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nilivyozoea, na karibu zote zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: mtu akiwa na gari la kambi la zamani, ategemee nini? Nimeishi na hili langu miaka 18, kwa hiyo leo safu yote ni yenu ninyi mnaolitaka, mnaolimiliki, au mmeanza kulichoka.

Shikamoo mama. Nimepata gari la kambi la mwaka 1986. Rangi inang'aa, injini imefunguliwa na kufungwa upya, na muuzaji ana risiti. Mke wangu ameshachagua mapazia. Jumamosi tunakwenda kuliona mara ya pili na nadhani tutalichukua. Niangalie nini?
*Mwenye haraka*

Marahaba, mwanangu. Injini iache mwisho. Injini inafunguka, inatengenezeka, na ikishindikana kabisa inatolewa nzima na kuwekwa nyingine. Bodi huwezi kuifanyia hivyo. Magari ya kambi niliyoyaona yakiishia kukatwa skrepa, mengi injini zake zilikuwa bado zinawaka. Yaliuawa na maji.

Kombi ikitoka kiwandani ni boksi la bati lililofungwa vizuri. Kisha anakuja wa kuigeuza nyumba, naye anatoboa: paa la kuinuka, madirisha ya ziada, mahali pa kuingizia maji safi, pa kutolea machafu, pa bomba la hita, pa kuchomekea umeme wa nje. Kila tundu limezibwa kwa mpira au gundi, na mpira wa miaka 30 au 40 umeshakuwa mgumu kama ukucha. Maji yanaingia juu, yanateremka kimya nyuma ya mbao za ndani, yanatuama chini kabisa. Ukiona doa darini, ujue hapo ni mwanzo tu wa safari ya hayo maji. Yalikoishia ni sakafuni.

Jumamosi nenda na tochi, bisibisi, sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini, na nguo usizozionea huruma. Kabla ya mazungumzo yoyote, omba milango na madirisha yote yafungwe, mkae ndani dakika tano. Pua itakwambia kabla ya macho. Gari lililopuliziwa manukato mengi na kuachwa wazi tangu alfajiri mimi hulitilia shaka. Kisha bonyeza mbao kwa kidole gumba: kwenye pembe za madirisha, chini ya sinki, nyuma ya kabati la nguo, ukingo wote wa paa. Mbao nzima haibonyei. Inayobonyea imeoza. Ukiweza kuazima kipima unyevu, chukua. Kikisoma chini ya asilimia 15 tulia, kikivuka 20 anza kutafuta maji yanaingilia wapi.

Halafu lala chini. Pitisha sumaku polepole kwenye matao ya magurudumu, chini ya milango, na kwenye ule mhimili wa bati unaotoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Mahali sumaku inapoachia, pamepigwa pati, ule unga wa kuzibia mashimo ya bodi. Gonga sehemu za kuwekea jeki kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi. Na usidharau kipele cha rangi. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, ndiyo maana inaisukuma rangi kutoka ndani. Kipele cha ukubwa wa kichwa cha pini nje kinaweza kuwa na tundu la kupitisha kidole nyuma yake.

Nakueleza hivi kwa sababu langu nililinunua mchana wa jua kali, likiwa na zulia jipya lililogundishwa vizuri. Mwezi wa tatu nililibandua nyuma ya kiti cha dereva, maana soksi zangu zilikuwa zinalowa kila tukilala humo. Chini ya zulia palikuwa na sponji iliyonyonya maji hadi ikawa nzito mkononi. Chini ya sponji bati lilikuwa jekundu, linamenyeka tabaka kwa tabaka kwa kucha. Nilisukuma kidole kidogo tu, kikapenya, nikaona majani ya chini. Maji yote yale yalikuwa yakiingilia kwenye mpira wa dirisha la pembeni, pembe ya chini, kwenye mwanya usiopitisha hata sarafu. Fundi bodi alichomelea kwa siku nne. Mpira mpya wa dirisha niliufunga mwenyewe kwa saa moja.

Hizo risiti zisome moja moja. Risiti ya rangi isiyo na risiti ya kuchomelea, kwa gari la umri huo, inaniambia bati bovu limefunikwa. Injini nayo iguse kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji amekuficha namna inavyoamka asubuhi, na ni haki yako kurudi siku nyingine. Kama ni injini ya mkanda wa taiming, uliza ulibadilishwa tarehe gani. Jibu la kwamba haujafikisha kilometa zake halitoshi, kwa sababu mkanda unazeeka hata gari likiwa limesimama.

Mapazia yasubiri. Siku nzima ya Jumamosi iwe ya bati.

Dada, mimi na wanangu wawili tumeshanunua, hatuna pa kurudi. Gari ni la mwaka 1979, injini iko nyuma. Kila anayeliona ananiambia nimejinunulia kazi. Nitegemee kuharibikiwa njiani mara ngapi? Naogopa kukwama usiku na watoto.
*Mama wa wawili*

Mdogo wangu, mwaka wa kwanza ni wa kulipa madeni ya aliyekutangulia. Kila alichokiahirisha kitakufikia wewe, na kitakufikia ndani ya miezi kumi na miwili. Mimi nilitenga theluthi ya bei niliyonunulia, ikaisha yote kabla ya mwaka kwisha. Mwaka wa pili haikufika robo ya hiyo. Kwa hiyo usilihukumu gari kwa mwaka wa kwanza, na usipange safari ndefu mwaka huo. Lala nalo karibu na nyumbani, mahali ambapo ndugu anaweza kukufuata kwa saa moja.

Kinachokwamisha magari haya barabarani mara nyingi ni mpira, zaidi ya chuma. Anza na mipira ya petroli, wiki hii. Nitakueleza kwa nini nasema wiki hii.

Mwaka wangu wa pili nilisimama kujaza mafuta, nikafungua mlango wa nyuma kupima oili. Kwenye mpira mwembamba unaoingia kwenye kabureta niliona unyevu uking'aa. Niliukunja kidogo kwa vidole viwili. Nyufa zikafunguka, na kwenye ufa mmoja tone la petroli likavimba, likaning'inia, likadondokea kwenye bati la injini ya moto. Mpira wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kiganja changu. Nyuma ya kiti tulikuwa tumelaza mtoto.

Kombi nyingi zenye injini inayopozwa kwa hewa, kasha la injini limeundwa kwa aloi yenye magnesi, na magnesi ikishika moto, kuimwagia maji ni kuuchochea. Kombi nyingi nzuri zimeteketea kwa mpira wa aina ile. Petroli ya siku hizi nayo mara nyingi imechanganywa ethanoli, ambayo mipira ya zamani haikutengenezwa kuistahimili. Nunua mpira mpya ulioandikwa ubavuni kwamba unafaa kwa petroli yenye ethanoli, badilisha yote kuanzia tangi hadi kabureta pamoja na vibanio vyake, na uandike tarehe. Mimi hurudia kila baada ya miaka mitano hata kama inaonekana mizuri. Kizimamoto kiwe karibu na mlango wa mbele. Cha nyuma, karibu na injini, hutakifikia siku ya kukihitaji.

Baada ya petroli, breki. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 4, kama inavyoandikwa kwenye chupa, yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 155 tu. Ukiwa kwenye mteremko mrefu na gari la tani mbili na kitu, nyuzi hizo si mbali. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea: pedali inazama na gari haliko tayari kusimama. Badilisha kila miaka miwili. Mwombe fundi aangalie na mipira ya breki inayoelekea kwenye magurudumu, maana huvimba kwa ndani huku nje inang'aa. Dalili yake ni gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine baada ya mwendo.

Tairi zina umri ulioandikwa. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukikuta tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na usiendeshe hata kwenda kununua jipya. Gari la kambi hutembea kilometa chache kwa mwaka, kwa hiyo kashata zinabaki nzuri huku mpira umeshakufa. Mimi sivuki miaka saba. Na yawe tairi za magari ya mizigo, zenye herufi C baada ya vipimo. Za gari dogo hazifai hata zikiingia.

Sasa swali lako lenyewe. Kwa miaka 18 nimevutwa mara tatu. Mara mbili kati ya hizo lilikuwa jambo nililolisikia likilalamika wiki nzima. Mara nyingine nyingi nimesimama pembeni, nikatengeneza, nikaendelea. Injini ikiwa nyuma, waya wa klachi na wa mafuta, yaani wa pedali ya mwendo, hupita urefu wote wa gari, na siku moja hukatika. Wa klachi ulinikatikia jioni moja barabara ikiwa tupu. Nilizima gari, nikaweka gia ya kwanza, nikapiga stata, likaondoka lenyewe taratibu, nikaenda na gia ya pili hadi mahali pa kulala salama. Kesho yake nilifunga waya wa akiba. Kwa hiyo beba waya wa klachi, waya wa mafuta, mkanda wa feni, kontakti pointi, fyuzi, balbu, futi mbili za mpira wa petroli na vibanio vyake, oili lita moja, na tochi ya kuvaa kichwani. Wanao wafundishe kushika tochi. Wangu walianza wakiwa na miaka sita, na hofu ya kukwama iliwatoka kabla ya kunitoka mimi.

Gari letu ni la mwaka 1991. Asubuhi tukifungua mlango kuna harufu kidogo ya gesi, lakini tukiliacha wazi inaisha. Halafu mume wangu huamka na kichwa kinauma sana. Usiku wa baridi huwa tunaacha jiko likiwaka kidogo kupata joto. Ni kawaida kwa magari ya zamani?
*Wa baridi*

Si kawaida kwa gari la umri wowote. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kafunge valvu ya mtungi, na usiifungue mpaka fundi wa gesi aliyeidhinishwa ameupima mfumo wote.

Una matatizo mawili, na yote mawili yanaua. La kwanza ni kuvuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, propani karibu mara moja na nusu, byuteni karibu mara mbili. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani. Inatambaa chini, inajaa usawa wa sakafu kama maji, huku cheche moja ya friji au swichi ikitosha. Ndiyo maana sakafuni, karibu na mtungi na jiko, yapo matundu ya kuitolea nje. Yatafute. Kwenye magari mengi niliyoyaingia matundu hayo yamezibwa kwa zulia na mtu aliyechukia upepo miguuni. Mpira wa gesi nao una tarehe iliyoandikwa juu yake, na rigyuleta haidumu milele. Kwenye maungio fundi atapaka povu la sabuni, likivimba, panavuja. Usitumie kiberiti kamwe, hata kwa sekunde.

La pili ndilo lililonifanya niweke barua yako juu ya nyingine. Kichwa cha mumeo. Jiko likiwaka kwenye chumba kidogo kilichofungwa, hewa ya oksijeni inapungua na moto unaanza kutoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi, na aliyelala haamki kuomba msaada. Jiko ni la kupikia, na linapowaka dirisha liwe wazi. Nunueni kengele ya kaboni monoksidi leo, ijaribuni, ifungeni mahali maelekezo yake yanaposema. Kwa joto la usiku tumieni mablanketi, au hita inayovuta hewa ya nje na kutoa moshi wake nje. Naye aende akaonwe na daktari, amweleze kuhusu jiko.

Wenye injini ya nyuma inayopozwa kwa hewa nao wasikilize. Joto la ndani ya kombi hizo hutoka kwenye bati zinazozunguka mabomba ya moshi. Bomba likitoboka kwa kutu, moshi unaingia pamoja na joto. Ukinusa moshi ukifungua hita, ifunge, fungua madirisha, nenda gereji.

Malori yananipita mlimani na watu wananipigia honi. Injini ya kombi yangu ni cc 1600, ya kupozwa kwa hewa. Kuna namna ya kuongeza nguvu?
*Wa nyuma ya foleni*

Injini yako ilitoka na nguvu za farasi karibu 50 ilipokuwa mpya, na inavuta kitanda, kabati, maji na familia. Hakikisha kwanza ziko zote: valvu zimepimwa, taiming imewekwa sawa, plagi ni safi, breki hazishiki. Kisha punguza mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 60 unaloondoka nalo limejaa ni kama kumbeba mtu mzima asiye na kiti. Jaza ukifika. Lipeleke gari kwenye mizani likiwa limepakiwa kama la safari, ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye kibati chake. Wengi hushtuka.

Usitafute kabureta kubwa. Injini inayopozwa kwa hewa ukiikamua zaidi inazalisha joto ambalo feni yake haiwezi kuliondoa. Panda kwa gia ya tatu mapema, kabla haijaanza kuhema, kaa upande wako, na palipo na nafasi ingia pembeni uwapishe. Mimi hufika nusu saa baada ya wenzangu, na nimelikubali.

Mzee mmoja aliniuzia gari lenye friji ya umeme, gesi na betri. Tukilala bila umeme wa nje, saa kumi alfajiri friji imezima na taa haziwaki. Nimebadilisha betri mara mbili. Kosa ni la nani?
*Mwenye giza*

Betri haina kosa, ni hesabu. Friji ya aina hiyo haina kompresa. Inafanya kazi kwa kuchemshwa. Ikiwa na kichemsho cha wati 100, gawanya kwa volti 12, unapata zaidi ya ampea 8, tena mfululizo bila kupumzika. Betri yako ikiwa ya ampea-saa 100, nusu yake tu ndiyo ya kutumia bila kuiumiza. Hamsini ukigawa kwa nane ni saa sita. Ukilala saa nne usiku, saa kumi ni giza, kama ulivyoandika.

Upande wa betri wa friji hiyo ni wa kutumia gari likitembea. Mkisimama igeuzieni kwenye gesi, gari likiwa limekaa sawa kabisa, kwa sababu maji ya amonia yaliyomo ndani yake huzunguka kwa kuteremka yenyewe, na gari likiinama hayazunguki. Mimi niliweka kipimo cha usawa cha fundi seremala sakafuni mwa friji, na vipande viwili vya mbao vya kukanyagisha gurudumu.

Nunua kipima volti. Betri ya risasi iliyopumzika saa chache ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 imefika nusu, acha kutumia. Kuishusha hadi sifuri mara kadhaa ndiko kulikoua hizo mbili za kwanza. Na ukiwa hapo, fuata waya kutoka kwenye chanya ya betri kwa mkono wako: fyuzi ya kwanza iwe karibu nayo kabisa. Kwenye gari langu nilikuta waya watano wa rangi moja waliounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa selotepu, hakuna fyuzi hata moja, wamepita nyuma ya godoro. Niliwang'oa wote nikaanza upya. Ilinichukua wikiendi tatu, nami sijawahi kujuta.

Spea zinapatikana kweli? Nimeambiwa nitakwama miezi kwa bawaba moja.
*Anayesitasita*

Aliyekwambia ana uzoefu. Za mitambo hazitakusumbua sana ukichagua gari lililotengenezwa kwa wingi. Kombi ya Volkswagen ilianza mwaka 1950 na Brazili iliendelea kuitengeneza hadi mwaka 2013, kwa hiyo soko la spea zake bado liko hai. Fiat Ducato ya kwanza, ya mwaka 1981, ni gari moja na Peugeot J5 na Citroën C25 kwa majina tofauti. Spea ukiikosa kwa jina moja, iulize kwa lingine.

Taabu ni za upande wa nyumba. Aliyegeuza gari kuwa la kambi huenda alikuwa na karakana ndogo iliyofungwa zamani, na lachi ya kabati lake au fremu ya dirisha lake haipo popote. Kwa hiyo kwenye ukaguzi hesabu vitu vya ndani vilivyokamilika kwa uzito ule ule unaoupa injini. Madirisha ya plastiki yatunze kuliko kioo: yaoshe kwa maji na sabuni laini tu, maana spiriti na dawa za vioo huyapasua nyufa ndogondogo zisizotoka.

Mama, gari letu limesimama miaka miwili uani. Mume wangu anataka tuliuze, mimi nalipenda. Kila Jumapili huwa naliwasha dakika kumi, nalizima. Je, linatosha hilo kulitunza?
*Nisiyetaka kuachana nalo*

Mwanangu, nia yako ni njema, lakini hizo dakika kumi zinaliumiza. Injini ikiwaka inatengeneza maji, na oili isipopata moto wa kutosha maji hayo hayakauki. Yanabaki humo pamoja na asidi. Ama uliendeshe nusu saa nzima barabarani mpaka kila kitu kiwe moto, ama uliache lilale.

Kusimama kunachosha gari kuliko safari. Breki zinashika, mipira inakauka, tairi zinakaa bapa upande mmoja, betri inajiishia yenyewe na ndani yake sahani zinaota ukoko mweupe usioondoka, panya wanahamia kwenye chumba cha injini. Nalijua hili kwa mwaka ule nilipougua nikaliacha miezi kumi na mmoja. Niliporudi, godoro lilikuwa na ukungu wa kijani upande wa chini, kwa sababu nililifunika kwa turubai la nailoni na hewa haikupita. Nililia nikiwa nimelishika. Sasa nikiliacha naegemeza magodoro wima, nafungua kabati zote, natoa maji yote kwenye tangi na pampu, naacha dirisha moja wazi kidole kimoja, na nalifunika kwa kitambaa kinachopumua.

Usimjibu mumeo bado kuhusu kuuza. Lipe miezi mitatu. Kabla ya kuliwasha tena, chomoa betri ukaijaze nje, badilisha oili, badilisha mafuta ya breki, zungusha kila gurudumu kwa mkono likiwa juu ya jeki, soma tarehe za tairi, badilisha mipira ya petroli kama nilivyomwandikia Mama wa wawili hapo juu. Kisha nendeni wote wawili mkalale usiku mmoja tu, si mbali. Asubuhi madirisha yatakuwa yanatiririka maji ya pumzi zenu. Yafuteni kwa taulo kabla ya kuondoka, fungueni milango, mkae nje kidogo.

Lakini kwanza fungua kifuniko cha tangi unuse. Petroli ya miaka miwili ikinuka kama vanishi, usipige stata hata mara moja. Itolewe yote, tangi litazamwe ndani kwa tochi kama lina kutu, kabureta ifunguliwe ioshwe. Niandikie umekuta nini humo, nitakujibu toleo lijalo.